Je, Wajua? Kidonge Mbele ya Muuguzi

Virusi vya Ukimwi (VVU) hubomoa kinga ya mwili, na mlango ukishakuwa wazi huingia magonjwa nyemelezi. Kifua kikuu ndicho kinachoua wengi zaidi. Kwa wanawake wenye VVU, hatari ya saratani ya mlango wa kizazi huongezeka mara 6.

Mwaka 2003, dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) zikiwa bado adimu nchini Kenya, watafiti wa Mombasa waliazima mbinu ya kliniki za kifua kikuu. Kati ya wagonjwa 234, kundi moja lilifika kituoni mara 2 kwa wiki, kwa wiki 24, kumeza dawa huku muuguzi akitazama. Hospitali ya Port Reitz na kliniki ya Bomu, Changamwe, zilishiriki. Waliosimamiwa walizingatia dawa zaidi, na uzito wao ukapanda zaidi. Inasikitisha kwamba usimamizi ulipokoma, tofauti ya kuzingatia dawa nayo ilitoweka.

Na kwa kuwa kifua kikuu bado ndicho muuaji mkuu, leo mwenye VVU afikapo kliniki, iwe Likoni au Kisauni mjini Mombasa, anapaswa kuulizwa maswali 4: je, anakohoa, ana homa, anakonda, anatokwa jasho usiku? Akijibu ndiyo hata kwa moja, apimwe kifua kikuu.