Je, Wajua? Mayatima wa Kisiwa cha Ngamba

Wilaya ndogo ya Makindye, Kampala, inagusa Ziwa Viktoria pale Ggaba na Munyonyo. Katika ziwa hilohilo, kilomita 23 kutoka Entebbe, kipo kisiwa cha Ngamba, makao ya sokwe mtu yatima tangu 1998.

Mara nyingi wawindaji humuua mama, kisha mtoto huuzwa. Kinda la sokwe hunyonya kwa miaka minne au zaidi na hulala kifuani pa mama yake, kwa hiyo likiokolewa halihitaji maziwa tu. Linahitaji kubebwa. Baada ya kupimwa magonjwa huingizwa katika kundi taratibu, na mara nyingi jike mmoja hujitwika malezi yake. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo uponyaji wa kweli unapoanza.

Kwa kulinganisha, kinda la sili lililokwama ufukweni Ulaya hutunzwa miezi michache, likanenepa, likarudishwa baharini. Sokwe hana njia rahisi hivyo: madume wa porini hulinda eneo lao na wanaweza kumuua mgeni. Ndiyo maana wengi wa Ngamba watabaki huko maisha yao yote, na sokwe aweza kufikisha miaka 50. Hawajui kuogelea, hivyo maji ndiyo ukuta wao. Msitu wa ekari zipatazo 95 hauwatoshi kwa chakula. Matunda na mboga huletwa kwa mashua, na jioni hupewa uji. Majike huwekewa dawa ya uzazi wa mpango, ili nafasi ibaki kwa yatima wengine watakaookolewa.