Nani Mnunuzi wa Sanaa ya Dar es Salaam?

Kila yanapofunguliwa maonyesho ya uchoraji Dar es Salaam, hakosi mtu wa kusema kwamba Waswahili hawajui sanaa. Husema kwa masikitiko, mara nyingi akiwa na glasi ya mvinyo mkononi, Oysterbay au Mikocheni, saa ambayo mkazi wa Mbagala bado yuko foleni akisubiri basi la mwendokasi. Kauli hiyo naikataa. Jiji hili lina sanaa tele na watu wanaoipenda. Swali la kuuliza ni nani analipa, na analipia wapi.

Tumchukue Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake kila mgeni analijua. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja mjini kutafuta riziki, na kufikia 1968 alikuwa akichora kwa rangi za baiskeli juu ya bodi za dari. Kazi zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa wa wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake, baadhi yao ndugu zake, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika.

Sasa tazama vipimo. Michoro ya mwanzo ilikuwa miraba ya takriban sentimita 60. Bodi ya futi 4 kwa 8 ukiikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vinane, hakuna kinachobaki. Baadaye mnunuzi akawa mtalii, na bodi ni mzigo kwenye ndege. Ikaja kanvasi ya kuviringisha, vikaja vipande vidogo vya kuingia begini, na simba na twiga wakazidi kuongezeka. Wanaosema wachoraji hawa wameishiwa ubunifu wanalaumu mkono wakausahau mfuko. Anayelisha watoto kwa mauzo ya leo hawezi kuchora jambo linalohitaji maelezo ya nusu saa kwa mtu anayewahi uwanja wa ndege.

Mahali pengine mnunuzi alikuwa wa namna tofauti. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mtawa Jean Pruitt, iliwapa wasanii karakana na muda. George Lilanga aliingia pale akiwa mlinzi. Akatoka na mashetani yake ya rangi kali, yenye asili katika uchongaji wa Kimakonde, ambayo wakusanyaji wa Ulaya waliyagombea. Leo nafasi ya namna hiyo inashikwa na Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyofunguliwa mwaka 2008 kwenye makontena ya meli, kwa msaada mkubwa wa fedha za nje. Imefanya mengi, na tangu 2020 ina mafunzo yake ya wasanii. Lakini fedha za ufadhili zina tabia yake, popote zilipo. Msanii hujifunza kuandika maombi kwa Kiingereza na kueleza mchoro wake utaleta mabadiliko gani kwa jamii, kabla hata hajaushika ubao. Mtalii alitaka twiga. Mfadhili anataka ripoti. Katika masoko yote mawili, jirani wa mchoraji hayupo.

Linganisha na singeli. Muziki huu ulizaliwa Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, kwenye vigodoro, zile ngoma za usiku kucha za harusi na sherehe za mtaani. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mara nyingi hutengenezwa kwa kompyuta kuukuu kwenye chumba kimoja. Hakuna aliyeomba ruzuku. Mwenye shughuli hulipa, wageni humtuza mwimbaji palepale, na akichosha, uwanja unamwambia bila adabu. Huo ndio uhakiki, tena mkali kuliko wowote niliowahi kuuandika. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko kutoka studio ya Sisso, Mburahati, wasikilizaji wa Ulaya waliona kitu kigeni kabisa. Ugeni huo ulitokana na kwamba muziki haukutengenezwa kwa ajili yao.

Dalili nyingine kwamba muziki una wasikilizaji wa nyumbani iko Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mwaka 2018 Baraza lilifungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mabishano yakaenea nchi nzima. Sikumbuki mchoro uliowahi kupata heshima hiyo. Siombi ufungiaji, Mungu apishe mbali, lakini mamlaka hujishughulisha na kile inachoamini watu wanakitazama.

Kuna wanaotaka tuige Nairobi, ambako tangu 2013 Circle Art imekuwa ikinadi kazi za wasanii wa Afrika Mashariki. Mnada una faida moja halisi: bei inajulikana hadharani, na daktari au wakili wa hapa anaweza kununua bila kuogopa kuibiwa. Kwetu bei nyingi bado hutegemea sura ya anayeuliza. Hata hivyo mnada hutumikia wachache. Mimi ningeanza na mambo ya bei nafuu zaidi: maelezo ya Kiswahili kando ya kila mchoro, maonyesho ya Jumapili mchana badala ya Alhamisi usiku, bei iliyoandikwa, na nakala za kuchapa ambazo mwalimu anaweza kuzinunua kwa mshahara wake.

Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye Biennale ya Venice. Hongera. Safari ijayo, kazi zitakazochaguliwa zianze Mnazi Mmoja, wiki mbili, bila kiingilio, wachoraji wenyewe wakiwapo kujibu maswali ya wauza kahawa.