Je, Wajua? Miaka Mitano ya The Smiths

Je, wajua kwamba The Smiths, bendi ya Manchester iliyoacha alama kubwa katika roki ya Uingereza, ilidumu miaka mitano tu? Ilianza 1982, ikavunjika 1987.

• Enzi hizo bendi nyingi zilijipa majina ya mbwembwe. Mwimbaji Morrissey akaamua liwe Smith, jina la ukoo lililojaa kila mtaa wa Uingereza.

• Mpiga gitaa Johnny Marr alizaliwa John Maher. Alibadili tahajia kwa sababu mpiga ngoma wa Buzzcocks, bendi nyingine ya Manchester, alikuwa na jina hilohilo.

• Albamu zao nne za studio zilitolewa na Rough Trade, kampuni ndogo ya London. Hata hivyo, moja ilishika namba 1 Uingereza na tatu zikafika namba 2.

• Jalada la albamu The Queen Is Dead (1986) lina picha ya Alain Delon, mwigizaji wa Ufaransa.

• Mwaka 1984 mwigizaji Terence Stamp aligoma picha yake isitumike kwenye jalada la singo. Morrissey akaiga pozi lilelile, ila mkononi akashika glasi ya maziwa badala ya kitambaa cha kloroformu alichoshika Stamp. Baadaye Stamp alilegeza, picha yake ikarudishwa.

• Ilipotoka albamu Meat Is Murder (yaani “Nyama ni Mauaji”, 1985), Morrissey aliwakataza wenzake kupigwa picha wakila nyama.

• Onyesho lao la mwisho, Desemba 1986 huko Brixton, London, lilichangia harakati za kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Lilikuwa limeahirishwa baada ya Marr kupata ajali ya gari.

• Mpiga ngoma Mike Joyce alikuwa akilipwa asilimia 10 ya mapato. Mwaka 1996 Mahakama Kuu iliamua kwamba anastahili 25.

• Noel Gallagher wa bendi ya Oasis alikuwa akipiga gitaa la Marr. Mwaka 1994 likaharibika katika vurugu jukwaani Newcastle, na Marr akamtumia jingine: Les Paul nyeusi aliyorekodia The Queen Is Dead.

• Mwaka 2010 Marr alimpiga marufuku Waziri Mkuu David Cameron kuipenda The Smiths. Mbunge wa upinzani alipomchokoza bungeni, Cameron alimjibu kwa kutaja majina ya nyimbo zao.