Barua ya Mheshimiwa Haina Meno

Shule zikifunguliwa, na tena vyuo vikikaribia likizo ndefu, swali linaloletwa kwa yeyote anayeandika kuhusu elimu nchini Kenya huwa lile lile: nitampata vipi mheshimiwa? Mzazi ameshika karatasi ya karo mkononi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana barua ya chuo inayomtaka atafute mahali pa mafunzo ya nyanjani. Aliyehitimu ana cheti na hana kazi. Watatu hao wana shida tatu tofauti, zinazoshughulikiwa na afisi tatu tofauti, na wote wameelekezwa mlango mmoja. Swali lenyewe ndilo kosa. Anayeuliza namna ya kumpata mbunge ameshakubali kwamba riziki ya mwanawe imo mfukoni mwa mtu, na akishakubali hivyo hataulizia tena siku ya mwisho ya kurudisha fomu, wala orodha ya waliopewa mwaka jana, wala sababu ya jina lake kuachwa. Hayo matatu ndiyo yanayoamua nani asome.

Tuanze na basari. Pesa zinazoitwa za mbunge hutoka katika Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, NG-CDF, iliyotengewa kisheria si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa katika mapato ya nchi, zigawiwe maeneobunge yote 290. Ni kodi, pamoja na ile uliyokatwa uliponunua muda wa maongezi ili umpigie mheshimiwa. Hazina ilipoanzishwa 2003, mbunge ndiye aliyeunda kamati ya eneo lake, na hapo ndipo mazoea haya yalipozaliwa. Sheria ya 2015 haimpi kiti katika kamati inayopitisha maombi. Humo mna afisa wa utawala wa serikali ya kitaifa, wanaume na wanawake wa eneo hilo wakiwemo vijana, mtu mwenye ulemavu, na meneja wa hazina anayewajibika kwa bodi ya hazina. Ile hundi ya kadibodi yenye urefu wa meza, ambayo mbunge hupigwa nayo picha uwanjani, haiwezi kuwekwa benki yoyote. Hundi inayolipa karo ni ndogo, imeandikwa jina la shule au chuo, na huandamana na orodha ya wanafunzi na nambari zao za usajili. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya hazina ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu ile ya 2015. Mvutano wa kesi hizo ni mrefu, lakini kiini cha hoja ya majaji ni chepesi: mbunge amechaguliwa kutunga sheria na kuwachunga wanaotumia fedha za umma, na hawezi kuwa mtumiaji na mchungaji kwa wakati mmoja.

Hesabu nayo haimjui mheshimiwa. Karo ambayo mzazi anatakiwa kulipa katika shule ya kitaifa ya bweni iliwekwa kuwa Sh53,554 kwa mwaka, juu ya Sh22,244 ambazo serikali ilipanga kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari. Tuseme kamati imetenga milioni 50 za basari na imepokea maombi 10,000. Ikigawa sawasawa, kila mwanafunzi ana Sh5,000, hata sehemu ya kumi ya karo hiyo haifiki. Kumjua mbunge hakuongezi shilingi ndani ya chungu hicho. Anayepewa Sh30,000 kwa sababu ya kujuana amekula mgao wa watoto watano wengine, na mmoja wao huenda ni yatima wa kijiji hicho hicho ambaye chifu alikwisha kuthibitisha hali yake.

Sasa barua ya intanshipu, ambayo ndiyo imani sugu kuliko zote. Kijana anakaa miezi mitatu akisubiri mheshimiwa aweke saini kwenye barua ya kumtambulisha, huku tangazo la Tume ya Utumishi wa Umma likifunguliwa na kufungwa mtandaoni. Mpango wa tume hiyo ni wa waliohitimu, hudumu hadi miezi 12, una posho, na maombi yake hupelekwa kupitia tovuti ya tume. Hakuna mahali pa kupachika barua ya mbunge, na matangazo ya tume yenyewe huonya kwamba kutafuta kupendelewa kwa njia yoyote humwondoa mwombaji. Kifungu cha 249 cha Katiba kinasema tume huru hazipokei maagizo ya mtu yeyote. Kifungu cha 232 kinataka ajira ya umma ifuate ushindani wa haki na ubora, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali, kwa hiyo hata anayeogopa kwamba kaunti yake itasahaulika ana kifungu cha kushikilia, na kifungu hakihitaji kupigiwa simu. Barua hiyo haina meno kisheria. Lililo baya zaidi ni kwamba imemla kijana muda, na katika maombi haya muda ukipita haurudi.

Najua jibu litakalonijia: hayo ni ya vitabuni, mashinani mambo ni mengine. Ni kweli kwamba mbunge ana sauti katika namna wanakamati wanavyopatikana, ni kweli kwamba wapambe huzishika fomu na kuzigawa kwenye mikutano ya siasa, na ni kweli kwamba wapo waliopata kwa kujuana. Sikatai hata moja. Lakini ushahidi huo unaelekea upande wa pili. Ikiwa mlango unafunguliwa kwa kujuana, maskini asiyemjua mtu ndiye wa mwisho kufaidika na ushauri wa “mtafute mheshimiwa”. Atashindwa na mwenye gari kila siku. Silaha pekee aliyo nayo ambayo mpambe hana ni utaratibu: fomu iliyojaa, iliyorudishwa kwa wakati, ikapokewa kwa mhuri na tarehe, na orodha inayoweza kudaiwa. Wengi huangushwa na mambo madogo kabla ya upendeleo wowote kuingia: nambari ya usajili imekosewa, mhuri wa shule haupo, cheti cha kifo cha mzazi hakikuambatishwa, jina la akaunti ya chuo limeandikwa kwa kubahatisha. Kamati haimwiti mtu kumuuliza. Hulipita jina na kwenda kwa lingine.

Afisi ya mbunge ina faida yake, nayo inapuuzwa. Mwanafunzi wa sheria, uandishi wa habari au utawala anaweza kuomba kufanya mafunzo ya nyanjani katika afisi ya eneobunge, apange barua za wananchi, aandike kumbukumbu za mikutano, aone malalamiko ya maji na ardhi yanavyogeuzwa swali bungeni. Huko ni kusoma hasa. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, na miswada hupatikana bure kwenye tovuti ya Bunge, na mwalimu wa historia anaweza kujenga kipindi kizima juu ya mjadala mmoja. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi zake hadharani, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni, hata ombi kuhusu basari zenyewe.

Kwa wenye haraka: chukua fomu ya NG-CDF, usilipe hata ndururu, rudisha mapema. Omba pia basari ya wadi kwa kaunti, pale inapotolewa, na ile ya hazina inayohusishwa na mbunge mwakilishi wa kike wa kaunti. Mwenye alama nzuri na hali ngumu aangalie ufadhili wa Wings to Fly, Elimu Scholarship na Jomo Kenyatta Foundation. Wa chuo aende HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mafunzo ya nyanjani huombwa kwa idara husika moja kwa moja, ukiwa na barua ya chuo na bima ya ajali. Wa ufundi waulize NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Jina likiachwa, andika barua kwa meneja wa hazina ukidai orodha ya waliopewa na vigezo vilivyotumika, ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Nakala yako ipigwe mhuri wa kupokewa. Kuanzia hapo wana siku 21 za kukujibu, na wakinyamaza, nakala hiyo hiyo ipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala.