Breki ya Mkono Iliyogeuka Kitufe

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho dereva hukikumbuka pale tu anapokihitaji: breki ya mkono. Katika magari mengi mapya ya kupanda milima na kupita porini, mkono huo wa chuma umeondolewa na mahali pake pamewekwa kitufe kidogo. Mnunuzi huonyeshwa kitufe hicho kama maendeleo. Ni mara chache huambiwa kimeondoka na nini.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa abiria katika gari la namna hiyo, kwenye mojawapo ya barabara za udongo za milima ya Usambara. Mbele yetu lori lilikuwa limekwama. Shemeji yangu, mwenye gari, akasimama katikati ya njia na kuzima injini, na breki ikajifunga yenyewe. Tukakaa zaidi ya saa mbili, taa zinawaka, redio inaimba, simu zinachajiwa. Lori lilipojinasua na kwenda zake, shemeji akajaribu kuwasha. Kimya. Betri, ambayo nayo ilikuwa imezeeka, ilikuwa imekufa.

Nyuma yetu lilikuwapo basi. Wanaume kama ishirini wakateremka kutusukuma pembeni. Gari halikusogea hata inchi moja. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamefungwa, na kitufe cha kuyafungua kilihitaji umeme ambao haukuwapo. Ndani ya basi hilo alikuwamo mama mwenye mtoto mwenye homa kali, wakielekea hospitali. Alipoona hali ile alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia kwa miguu katika matope. Saa nzima baadaye akapatikana dereva mwenye waya za kubusti betri, na kitufe kikakubali.

Sasa, kwa nini iwe hivyo? Breki ya mkono ya zamani ni waya tu. Unavuta mkono, waya unavuta breki za nyuma, meno yanashika. Katika Land Rover za zamani ilishika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Vyovyote vile, haikuhitaji betri, wala mafuta ya breki, wala kompyuta. Ilihitaji mkono wa mtu. Ndiyo maana ilikuwa tegemeo la mwisho pale mengine yote yaliposhindwa.

Breki ya kitufe ilianza kuonekana katika magari ya kifahari mwaka 2001, BMW 7 ikiwa miongoni mwa ya kwanza. Mwaka 2004 ikaingia katika Land Rover Discovery 3, na mwaka 2021 ikaonekana katika Toyota Land Cruiser 300. Ukibonyeza au kuvuta kitufe, kompyuta huamuru mota ndogo ya umeme. Katika magari mengine mota hiyo huvuta waya. Katika mengine imefungwa pale pale kwenye gurudumu, ikisukuma pistoni ibane pedi.

Hapo ndipo matatizo ya porini yanapoanzia. Kwanza, mota na waya zake za umeme zikiwa gurudumuni, zinakaa jirani na matope, mawe na maji ya mito tunayoivuka. Pili, dereva hawezi tena kuipima breki kwa mkono. Mzoefu akiwa na gurudumu moja la nyuma linalozunguka bure katika tope, alizoea kuvuta breki ya mkono kidogo tu, ili nguvu ihamie kwenye gurudumu la pili. Kitufe hakijui "kidogo tu". Tatu ni matengenezo. Katika magari mengi ya aina hii, kabla ya kubadili pedi za nyuma lazima mota irudishwe kwanza, mara nyingi kwa kompyuta. Fundi wa chini ya mwembe akiisukuma pistoni kwa nguvu kama alivyozoea, anaweza kuvunja gia za mota, na mwenye gari atalipia kifaa kizima.

Tusiwe waonevu, ndugu msikilizaji. Kitufe kina faida zake. Dereva msahaulifu akizima injini, magari mengi hujifunga yenyewe. Mengi hushikilia gari mlimani hadi unapokanyaga mafuta. Hata ule ujanja wa gurudumu linalozunguka bure, kompyuta ya gari jipya huufanya yenyewe kwa breki za kawaida. Na mkono wa zamani haukuwa malaika: waya ulilegea, ukashika kutu, na magari yakaserereka mitaroni. Kasoro ya kitufe ni kwamba kimeifunga breki ya mwisho kwenye kamba moja na betri. Betri ikifa, vyote viwili vimekufa pamoja, na gari haliendi mbele wala nyuma.

Basi anayenunua gari la namna hii na aulize kabla ya kulipa. Betri ikifa, breki hii inafunguliwaje? Baadhi ya magari yana njia ya dharura, iliyofichwa chini ya mfuniko na kuelezwa katika kitabu cha gari. Mengine hayana njia nyingine ila kurudisha umeme. Je, fundi wako ana kifaa cha kuirudisha mota? Na anayesafiri shamba asiondoke mjini na betri ya kubahatisha, wala bila waya za kubusti. Akisimama kwa muda mrefu, azime taa na redio, na kwanza kabisa asogee pembeni. Nasi tungefanya hilo, yule mama asingetembea.

Tena usidharau jiwe. Utingo wa lori hasubiri kuambiwa: gari likisimama mlimani, yeye ameshateremka kuweka kigingi nyuma ya tairi. Gari lako liwe na mkono au kitufe, beba kigingi chako. Shemeji sasa anacho, pamoja na betri mpya.

Hadi wiki ijayo, nakutakia safari njema.