UDHIBITI WA MAGUGUMAJI: TABORA BAINA YA MAZIWA MAWILI

Kwa watu wa Visiwani jina la Tabora si geni. Hapo, katika nchi ya Unyanyembe, ndipo misafara ya pembe za ndovu na, kwa masikitiko, ya watumwa, ilipopumzika na kugawanyika. Iliyokwenda Ujiji ilishika njia ya magharibi, na iliyokwenda Karagwe na Buganda ilishika njia ya kaskazini. Baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifanya makaazi yake huko. Reli nayo ilifuata nyayo hizo: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928.

Njia panda hiyo leo ni njia panda ya maji vile vile. Tabora haina ziwa, na kwa miaka mingi ilitegemea mabwawa, likiwemo Bwawa la Igombe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, hata hivyo, mji huo pamoja na Nzega na Igunga hupata maji ya Ziwa Victoria yanayochotwa Ihelele, Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Wakati huo huo, maji ya Mto Igombe huelekea magharibi, huingia Mto Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Kwa maneno mengine, Tabora hunywa kutoka ziwa moja na hutiririsha kwenye ziwa jingine. Kwa sababu hiyo suala la magugumaji linaihusu Tabora kuliko wengi wanavyodhani.

Gugumaji, lenye ua zuri la rangi ya zambarau, asili yake ni bonde la Mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Uzuri wa ua lake ndio uliowafanya watu walisafirishe dunia nzima kuwa pambo la mabustani. Tanzania Bara lilionekana katika mito ya Sigi na Pangani tangu miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likathibitika kuwemo Ziwa Victoria. Likipata joto na maji yenye rutuba ya mashamba na uchafu wa miji, huweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili au pungufu, na mbegu zake huweza kukaa topeni zaidi ya miaka 15 zikiwa hai. Penye gugu hilo mtumbwi haupiti, samaki hukosa hewa, na konokono wanaoeneza kichocho hupata maskani.

Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilitiliana saini makubaliano ya kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, na mradi wa pamoja ukaanza mwaka 1997. Silaha kuu ilikuwa ni mbawakawa wadogo wa jamii ya fukusi, wanaotoka huko huko lilikotoka gugu na wasiokula mazao ya wakulima. Wadudu hao walizalishwa katika vituo mbali mbali, kikiwemo cha Kibaha, kisha wakaachiwa ziwani. Hadi kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka. Haki itendeke kwa kusema kwamba sifa zote si za mdudu. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 nazo zilipasua na kusambaratisha matandazo ya gugu. Pamoja na hayo, nchi moja isingefanikiwa peke yake.

Kasoro ya makubaliano yale ilikuwa ni mipaka yake. Mlango mkubwa wa gugu ulikuwa Mto Kagera, ambao hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, na nchi hizo mbili hazikuwemo. Watu walikuwa wakizoa gugu Mwanza na Bukoba ilhali mto unaleta jingine. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na awamu ya pili ya mradi, iliyoanza mwaka 2009, ndiyo iliyozijumuisha. Kazi hiyo sasa iko chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 lilijitokeza gugu jipya, la jamii ya salvinia, lililotanda katika eneo la Kigongo na Busisi hadi vivuko vikashindwa kwenda kwa wakati na abiria wakakwama. Ikumbukwe kuwa Kigongo na kituo cha Ihelele vyote vimo Misungwi. Bomba lenyewe halipitishi gugu, kwani maji husafishwa kabla ya kusafirishwa. Linaloweza kupanda ni gharama ya kuyasafisha maji hayo, ambayo mlipaji wake wa mwisho ni mwananchi wa Shinyanga, Kahama na Tabora.

Salvinia ina tabia zake. Fukusi wa gugumaji hamli. Aina yake inayosumbua zaidi duniani haizai kwa mbegu bali kwa vipande, hivyo kulikatakata kwa mashine na kuviacha vipande vikielea ni sawa na kulipanda upya. Australia ilifanikiwa kulidhibiti mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fukusi wa aina nyingine kabisa. Wanaopanga operesheni za kuzoa magugu hawana budi kwanza kujua ni gugu lipi lililo mbele yao.

Kwa upande wa Ziwa Tanganyika, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba mwaka 2003, na mamlaka yake iko Bujumbura. Ziwa hilo lina samaki wengi wasiopatikana pengine popote duniani, na gugumaji limeshaonekana upande wake wa kaskazini. Hivyo kuna chombo Kisumu na chombo Bujumbura, na katikati yao kuna barabara na reli ya Tabora, ambako nyavu, mitumbwi na matenga ya samaki hupita kutoka ziwa moja hadi jingine. Kipande cha gugu kilichonasa kwenye wavu wenye unyevu kikitupwa Igombe, safari yake iliyobaki hukamilishwa na mto. Misafara ya zamani iliacha miembe Tabora na Ujiji, na hakuna aliyelalamika. Si kila mmea huja na baraka hiyo.

Wakaazi wa Unguja wanao mfano wao wa karibu. Kunguru walioletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 walipunguzwa sana kwa kampeni ya miaka ya 1990, na kampeni ilipolegea waliongezeka tena. Ghuba ya Winam nchini Kenya nayo ilifunikwa upya na gugumaji baada ya mvua za mwishoni mwa mwaka 2006, wakati fedha na hamasa zilikuwa zimeshapungua.

Kwa hiyo maofisa wanaohudhuria vikao vya Jumuiya wanatakiwa wadai bajeti ya ufuatiliaji katika miaka ambayo ziwa ni safi, na wahimize Kisumu na Bujumbura kupeana taarifa za gugu jipya pindi linapoonekana. Wafanyabiashara wa dagaa wanaokwenda Mwanza na Kigoma wanakumbushwa kuosha na kuanika juani nyavu na vyombo vyao hadi vikauke kabisa kabla ya kuvihamisha. Wenye hoteli na mabustani ya maji wasiagize wala kupanda mimea inayoelea bila ya idhini ya wakaguzi wa mimea bandarini na katika viwanja vya ndege. Na aliye nayo tayari asiitupe mtaroni, bali aitoe majini, aikaushe na kuichoma moto.