« Positive »: neno moja, habari njema ao habari mubaya?

Hapa kwetu Butembo na Beni, neno hili linaingia kwa milango miwili. Mulango wa kwanza ni Kifaransa cha masomo na cha lopitali: « positif ». Mulango wa pili ni Kiingereza kinachopanda na malori toka Uganda, kinapita Mpondwe na Kasindi mpaka sokoni: « positive ». Masikio yanasikia kama neno moja. Lakini maana zake ni nyingi, na kuna siku ambapo kukosea maana kunaweza kuleta kilio ndani ya nyumba.

Tuanze na zile nyepesi. Mwalimu wa Kiingereza atawaambia wanafunzi kwamba « positive » ni sifa ya kitu chema: mawazo yanayojenga, jibu la kukubali, mutu asiyekata tamaa. Sawa. Lakini muchuuzi anayepiga simu Kampala kuuliza kama muzigo wake umetoka kweli, akijibiwa « I am positive », asitafute hapo wema wala ugonjwa. Yule wa ngambo anasema tu: nina hakika kabisa.

Enda sasa kwa fundi wa sola. Kwake, waya nyekundu ni positif, nyeusi ni negatif. Ukizichanganya, unaunguza machine, na mwenye nyumba atakudai. Enda kwa mwalimu wa hesabu: namba iliyo juu ya sifuri ni positif. Enda wanapotoa damu: mutu wa O positif ana protini moja inayoitwa Rhesus juu ya chembe zake nyekundu, mutu wa O negatif hana. Hakuna kati yao aliye muzuri kumupita mwenzake.

Wasomi wanatuambia kwamba neno hili lilizaliwa katika Kilatini, toka kitendo cha kuweka. « Positive » ni kile kilichowekwa, kilichopo, kinachoonekana. Tukishika mzizi huo, mambo ya labo yanaanza kueleweka. Munganga anatafuta kitu fulani ndani ya damu. Akikipata, anaandika positif. Asipokipata, anaandika negatif. Karatasi haisemi kama kitu hicho ni kizuri ao kibaya. Inasema kipo ao hakikuonekana. Bibi aliyengoja mimba miaka mingi, positif ni furaha kwake. Mwenye kupimwa malaria ao SIDA, neno lilelile linamufanya ashike kichwa.

Na sisi tulilipa kwa kujifunza hayo. Tarehe 1 Agosti 2018, serkali ilitangaza Ebola Mangina, kilomita karibu 30 toka Beni. Ugonjwa ukafika Beni, Butembo, Katwa na kwingine, ukamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliupata, na 2,287 wakafa. Katika miezi ile, maneno ya labo yalitoka lopitali yakaingia ndani ya nyumba zetu: « cas », « contact », « suspect », « positif ».

Tuwaze mama mumoja, mukulima, anayejua Kinande na Kiswahili cha soko. Anaambiwa: « Mama, matokeo ya mutoto ni positif. » Kanisani na kwenye radio amezoea kusikia kwamba kuwa positif ni kuwa muzuri. Anajibu: « Aksanti Mungu! » Kisha anaona mutoto anapelekwa nyuma ya plastiki, watu wamevaa kama wapiganaji wa mwezini. Nani atamulaumu akiwaza kwamba amedanganywa? Na jirani yake aliyeitwa « suspect » naye anajiuliza ameiba nini, juu ya neno hilo tulikuwa tunalisikia kwa polisi.

Hatusemi kwamba maneno peke yake yalileta ukaidi na hasira tulizoziona hapa. Vita, mauaji ya Beni, na uchaguzi ulioahirishwa hapa kwetu mwisho wa 2018 vilikuwa vimekwisha kuharibu imani. Lakini penye imani kidogo, neno lisiloelezwa ni petroli kwenye moto.

« Negatif » nayo ilikuwa na mutego wake. Mashine ya GeneXpert, ile inayotumika pia kwa kifua kikuu, ilitoa jibu kwa masaa machache. Lakini mugonjwa akipimwa mapema, mbele ya siku tatu tangu dalili kuanza, virusi vinaweza kuwa bado kidogo sana, mashine isivione. Ndiyo maana alipaswa kupimwa tena. Familia ilisikia « negatif », ikafunga vitu kurudi nyumbani, ikakatazwa, na maneno ya njiani yakaanza: « Wanatufichia kitu. » Ingetosha kusema: « Leo hatukuona virusi. Tutatafuta tena kesho-kutwa, ili tuwe na hakika. »

Na kuna positif nyingine, ambayo wengi hawaisikii. Mutu aliyepona Ebola anabaki na kinga ndani ya damu. Ukitafuta kinga hiyo ukaipata, hiyo pia ni positif, na hapo ni alama ya mwili uliopigana ukashinda. Dawa ya mAb114, iliyojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilitengenezwa kutokana na kinga ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Positif ya mumoja wa Kikwit ikaokoa wengine wa Kivu ya Kaskazini.

Tanzania wana maneno yao, « chanya » na « hasi ». Hapa kwetu ni wachache wanaoyasema, na hata huko hayaondoi shida: chanya ya mawazo si chanya ya malaria. Dawa ya jambo hili ni kumaliza sentensi. Muuguzi asiseme « uko positif » na kufunga mulango. Aseme: « Tulitafuta malaria katika damu yako, tumeiona, na dawa ni hii. »

Na wewe, papa ao mama unayepewa karatasi, usione haya kuuliza maswali matatu: Mulitafuta nini? Mulikiona? Sasa nifanye nini? Ebola ilirudi upande wa Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba ya mwaka ule ule. Karatasi nyingine zitakuja, za ugonjwa huu ao mwingine. Tusizipokee tena kwa kukisia.